Mwanya, Pengo na Meno ya Kuchongwa

Marehemu bibi yangu wa Newala alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa ncha tangu usichana wake. Siku nilipompeleka kwa tabibu wa meno, kijana aliyejaza fomu aliandika neno moja: kasoro. Bibi akauliza maana yake, nami nikamweleza. Tangu siku hiyo akawa anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja.

Wapenzi wa lugha, neno lile lina historia. Mwaka 1899 Mmarekani Edward Angle aligawa namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana katika makundi matatu, akitazama magego ya kwanza. Makundi yote matatu ni ya mkengeuko. Kipimo hicho kingali kikitumika, na kina manufaa yake. Lakini hakiulizi kama mkengeuko ulitakiwa na mwenye meno.

Uwanda wa Wamakonde ulikuwa na kipimo kingine. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na kamera na mashine ya kunasa sauti. Miongoni mwa aliyoyaandika ni ndonya za mdomo wa juu na chale za mwilini. Huko uso haukuachiwa maumbile peke yake. Ndiyo maana naona Kiswahili kimetenda haki kutumia kitenzi kimoja: mpingo huchongwa, na jino huchongwa.

Lugha yetu ina mizani hiyo hata pwani. Uwazi baina ya meno mawili ya mbele ni mwanya, nao husifiwa kuwa uzuri. Uwazi ulioachwa na jino lililong'oka ni pengo, nalo ni hasara. Rula ingeona nafasi tu. Kiswahili kinaona pambo na msiba.

Simkatai tabibu. Ganda gumu la jino likichongwa halioti tena, na maji baridi hulitonesha. Lakini “yamechongwa” ni habari, na “kasoro” ni hukumu. Sisi tunaounda istilahi na kutunga mashairi tuna wajibu wa kuvitenganisha viwili hivyo kabla ya kalamu kugusa fomu.

Ningerudishiwa fomu ile leo, ningefuta neno moja na kuandika: meno ya mbele yamechongwa, kwa ridhaa na kwa urembo. Kisha ningemsomea bibi.