Pikapu (ya gitaa la besi)

pikapu nm ‹pikapu› [i-/zi-] 1 gari dogo la mizigo lililo wazi nyuma: *Pikapu ya ndizi imeondoka Kiwira alfajiri.* 2 (muz) kifaa chenye sumaku na waya, kinachofungwa chini ya nyuzi za gitaa la umeme ili kugeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa mkondo wa umeme: *Besi ya kwaya ina pikapu mbili.*

Neno hili limetoholewa kutoka Kiingereza kwa maana zote mbili. Katika Tukuyu na wilaya nzima ya Rungwe, maana ya kwanza ndiyo inayosikika kila siku, kwa kuwa ndizi, viazi na maparachichi hushuka barabarani kwa magari ya aina hiyo. Maana ya pili hukaa kwa mafundi wa redio, wapiga magitaa na viongozi wa kwaya. Makala haya yanaihusu maana ya pili: kifaa chenyewe, mahali kinapofungwa, na maneno yanayofaa kuueleza mlio wake.

Besi ipi?

Rungwe ni nchi ya kwaya. Misheni ya Wamoravia ilianzishwa Rungwe mwaka 1891, na Tukuyu ni makao makuu ya Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Katika mazingira hayo neno *besi* lilikuwa na maana kabla gitaa la umeme halijafika: ni sauti ya nne, sauti nzito ya wanaume. Kwa hiyo sentensi *Besi haisikiki* ina utata. Mwalimu wa kwaya anaweza kuwakaripia waimbaji, kumbe kosa liko kwenye kipaza sauti. Panapokuwa na waimbaji na ala kwa pamoja, inapendekezwa kusema *sauti ya besi* kwa waimbaji na *gitaa la besi* kwa ala. Tahajia *bezi* huonekana magazetini katika habari za muziki wa dansi. *Besi* ndiyo inayopendekezwa.

Jinsi pikapu inavyofanya kazi

Pikapu ya kawaida ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake huivuruga nguvu ya sumaku, na mvurugiko huo huzaa umeme mdogo ndani ya waya. Kikuza sauti huukuza umeme huo, na spika huurudisha kuwa sauti. Pikapu ya sumaku haisikii hewa wala ubao. Husikia chuma kinachopita juu yake. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazitoi chochote kwenye pikapu ya namna hiyo, na huhitaji pikapu ya kuhisi mgandamizo, ambayo hukaa chini ya daraja la nyuzi.

Uzi hautikisiki kwa namna moja. Hutikisika kwa urefu wake wote, na papo hapo hutikisika kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo na kuendelea. Mtikisiko wa urefu wote hutoa sauti ya msingi. Migawanyo hutoa haramoniki. Uzi mnene kuliko wote katika besi ya nyuzi nne hutoa sauti ya msingi ya takribani hezi 41, na haramoniki zake za karibu ni takribani hezi 82 na 123. Uwiano kati ya sauti ya msingi na haramoniki ndio unaoufanya mlio uitwe mnene au mkali.

Mahali

Pikapu husikia zaidi kile kinachotikisika juu ya sehemu ilipofungwa. Karibu na daraja, yaani pale nyuzi zinapoishia juu ya mwili wa gitaa, uzi hauna nafasi ya kuyumba sana. Sauti ya msingi huwa dhaifu hapo, na haramoniki husikika kwa nguvu zaidi zikilinganishwa nayo. Mlio huwa mkavu na mkali, na kila noti hutengana na jirani yake. Kadiri pikapu inavyosogezwa kuelekea shingoni, ndivyo sauti ya msingi inavyoongezeka na mlio unavyokuwa mnene na mviringo.

Kipimo kimoja kinatosha kuonyesha jambo hili. Besi nyingi zina uzi wenye urefu wa sentimita 86.4 kutoka kwenye kizingiti cha juu hadi darajani. Pikapu ikifungwa sentimita 21.6 kutoka darajani, yaani kwenye robo ya urefu, itakuwa juu ya sehemu ambapo haramoniki ya nne haitikisiki kabisa, na haramoniki hiyo haitasikika. Mpigaji akibonyeza freti ya 5, uzi unaolia hubaki robo tatu ya urefu wake. Sasa pikapu ileile iko kwenye theluthi ya uzi, na haramoniki ya tatu ndiyo inayopotea. Akibonyeza freti ya 12, pikapu huwa katikati ya uzi unaolia, na haramoniki za pili na nne hutoweka. Pikapu haijasogea, lakini mlio umebadilika. Kwa hiyo si sahihi kusema kuwa pikapu fulani "ina mlio" mmoja. Ni sahihi kusema kuwa ina *mahali*, na mahali hapo huamua kipi kisikike kwa kila noti.

Aina

*Pikapu ya koili moja* hutoa mlio ulio wazi, lakini hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumbani. Umeme wa Tanzania hubadili mwelekeo kwa hezi 50, na noti ya G katika freti ya 3 ya uzi mnene ni hezi 49. Mvumo huo basi hukaa karibu kabisa na noti ambayo mpigaji huigusa mara nyingi, na sikio lisilozoea hudhani kuwa gitaa halijalinganishwa vizuri.

*Pikapu ya koili mbili* ina koili zinazozungushwa kwa mwelekeo unaopingana na sumaku zilizogeuzwa. Mvumo wa koili moja huufuta mvumo wa nyingine, ilhali sauti za nyuzi hujumlishwa. Mlio wake kwa kawaida huwa na nguvu zaidi na ukali kidogo kupungua.

*Pikapu iliyogawanyika* ni ya koili mbili pia, lakini kila koili husikiliza nyuzi mbili tu. Ilianza kutumika mwaka 1957 katika Precision Bass ya kampuni ya Fender, gitaa ambalo lenyewe lilitolewa mwaka 1951 likiwa na pikapu ya koili moja. Hufungwa kati ya shingo na daraja, na mlio wake wa kati ndio ambao wengi huusikia akilini wanaposikia neno *besi*.

*Pikapu mbili za koili moja* zilikuja na Jazz Bass mwaka 1960. Zikifunguliwa kwa kiwango sawa, mvumo hufutika, na baadhi ya sauti za kati hupungua kwa sababu kila pikapu husikiliza sehemu tofauti ya uzi uleule. Mpigaji akiipunguza moja ili kutafuta mlio mwingine, mvumo hurudi. Hilo si ubovu wa gitaa.

*Pikapu yenye kikuza sauti cha ndani* hutumia betri, mara nyingi ya volti 9. Music Man StingRay ya mwaka 1976 ndiyo iliyoueneza mtindo huu, ikiwa na pikapu moja kubwa ya koili mbili upande wa darajani. Betri ikikaribia kuisha, sauti huanza kukwaruza na hatimaye hukatika, hata kama umeme wa ukumbini upo.

Kuchagua mlio kwa mahali pa kupigia

Mazoea ni kudhani kwamba besi bora ni ile nene kuliko zote. Katika kanisa lenye paa la bati na spika ndogo za honi, dhana hiyo hupotosha. Spika ya honi haiwezi kutoa hezi 41; anayefungua pikapu ya shingoni peke yake huipa spika sauti isiyoweza kuitoa, na waumini husikia mngurumo usio na noti. Pikapu ya darajani, au zote mbili pamoja, hutoa haramoniki ambazo spika inaziweza, na sikio la msikilizaji huijazia sauti ya msingi lenyewe. Vivyo hivyo mvua inapopiga bati, na Tukuyu ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi nchini, mlio wenye ukali kidogo hupenya pale ambapo mlio mnene humezwa. Kugeuza kitufe hakugharimu chochote. Kununua spika kubwa kabla ya kukijaribu kitufe hicho ni kuitumia sadaka kabla ya kuutumia ujuzi.

Toni, kidatu au mlio?

Wapiga magitaa wengi husema *toni ya besi*. Katika isimu, *toni* ni tofauti ya juu na chini ya sauti inayobadili maana ya neno. Lugha nyingi za Kibantu zina toni. Kiswahili hakina, na Kinyakyusa, lugha ya wenyeji wa Rungwe, ni miongoni mwa chache nyingine zilizoipoteza. *Kidatu* ni kiwango cha sauti, juu au chini. Kinachobadilishwa na pikapu si kimojawapo kati ya hivyo viwili: noti ni ileile, ila sura yake imegeuka. Kwa maana hiyo inapendekezwa *mlio*, pamoja na vivumishi vilivyozoeleka: *mnene, mzito, mviringo, mkavu, mkali, mwembamba*.

Makosa ya kuepukwa

1. *Mapikapu* husikika katika mazungumzo. Katika maandishi rasmi wingi ni *pikapu*.
2. *Kinasa sauti* kisitumike kwa maana ya pikapu. Kwa wengine ni maikrofoni, kwa wengine ni mashine ya kurekodia. Anayeagiza *kinasa sauti cha besi* kutoka Mbeya au Dar es Salaam anaweza kuletewa kimojawapo kati ya hivyo na kukosa alichohitaji.
3. Taja mahali pamoja na aina: *pikapu ya koili mbili ya darajani*, si *pikapu nzuri*. Muuzaji hawezi kupima uzuri. Anaweza kuhesabu koili na kupima sentimita.

Tazama pia: besi, freti, gitaa, haramoniki, kidatu, koili, mlio, toni.