"Panda Gari": Amri Iliyogeuka Kuwa Jina

Kila mwaka tunapowafundisha wanaoanza vitenzi vya amri, hufika zamu ya kitenzi "panda". Tunaandika ubaoni: panda mti, panda mlima, panda basi. Mwanafunzi mmoja akitokea kusema "panda gari", darasa hucheka, lakini si kicheko cha furaha. Wanafunzi hawa wamezaliwa miaka mingi baada ya vita vya Luwero, ila neno hilo wamelikuta nyumbani. Katika makala haya tunakusudia kueleza lilikotoka, kwani ni vigumu kufundisha Kiswahili Kampala bila kulijua.

Tuanzie mwaka 1979. Tarehe 11 Aprili mwaka huo majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yaliuteka mji wa Kampala na kumwondoa Idi Amin. Askari wa Tanzania waliitwa wakombozi, na jina hilo wazee wetu wanalikumbuka hadi leo. Kwa muda mfupi Kiswahili kilikuwa lugha ya watu walioleta nafuu. Tunasema "kwa muda mfupi" kwa makusudi.

Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Milton Obote madarakani, na wengi hawakuyakubali matokeo yake. Tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni na kikundi chake, wakiwa na bunduki 27, walishambulia kambi ya mafunzo ya Kabamba. Vikundi vingine navyo vikaingia msituni. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 23 Februari 1982, wapiganaji wa kikundi cha Andrew Kayiira waliishambulia kambi ya jeshi ya Lubiri, katikati ya mji mkuu. Sasa serikali ilikuwa na adui asiyevaa sare, anayeweza kuwa muuza ndizi sokoni au kijana anayesubiri teksi.

Jibu la jeshi la serikali, UNLA, lilikuwa msako. Alfajiri askari waliuzingira mtaa, wakafunga njia, wakawatoa watu majumbani, hasa vijana wa kiume. Waliketishwa chini, wakadaiwa vitambulisho na risiti za kodi. Aliyetiliwa shaka alisikia maneno mawili tu, na lori lilimpeleka kwenye kambi kama Makindye au Kireka. Wengine waliachiliwa baada ya jamaa zao kutoa fedha. Wengine hawakurudi.

Hapa mwalimu wa sarufi atanong'ona kwamba watu wengi huambiwa "pandeni". Ni kweli. Lakini Kiswahili cha kambini, tulichorithi kutoka King's African Rifles ya wakati wa ukoloni, kiliziacha njiani alama nyingi za namna hiyo. Askari wengi wa UNLA walitoka kaskazini na hawakujua Kiganda, kwa hiyo lugha iliyobaki kati yao na wenyeji wa Kampala ilikuwa hiyo ya amri. Umati mzima uliamrishwa kana kwamba ni mtu mmoja, na amri yenyewe ikageuka kuwa nomino. Mpaka leo watu husema fulani alichukuliwa katika panda gari.

Mbinu hiyo haikubuniwa Kampala. Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza waliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil dhidi ya Mau Mau, wakawakamata maelfu ya Wakikuyu. Watoa habari walifunikwa magunia yenye matundu ya macho, wakawa wanatikisa kichwa kuonyesha nani achukuliwe. Wakikuyu waliwaita gakunia, na msomaji wetu ataona mara moja undugu wake na "gunia". Katika Nairobi msako ule ulikata kweli njia za Mau Mau za mjini. Waingereza lakini walikuwa na makambi makubwa, makarani, mafaili, na uwezo wa kuwafungia watu kwa miaka. Hatuwasifu kwa hayo. Tunataja tofauti tu.

UNLA walikuwa na malori. Msako usio na habari za kuaminika humkamata aliye karibu, si anayetafutwa. Kijana aliyepigwa Makindye akaachiliwa alikuwa na sababu ndogo ya kuendelea kulala kwao usiku wa pili, na msitu haukuwa mbali. Huko Luwero wanavijiji walihamishwa na kurundikwa kambini ili wapiganaji wakose chakula na habari. Waingereza walikuwa wamefanya vivyo hivyo Malaya, wakiwapa wengi wa waliohamishwa ardhi na huduma. Luwero watu walipata njaa na mauaji. Tarehe 26 Januari 1986 jeshi la Museveni, NRA, liliingia Kampala.

Jambo moja husahauliwa. NRA nao walitumia Kiswahili msituni. "Afande" na "kadogo", yaani askari mtoto, yalienea nchini kutokana nao. Na walipopata madaraka, nao walikabiliwa na waasi kaskazini: misako ya Operesheni Kaskazini mwaka 1991, kisha, kuanzia 1996, kambi ambazo hatimaye zilikuwa na watu zaidi ya milioni moja.

Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu atakayekwenda Wobulenzi au Kapeeka na kitabu chake atawakuta mabibi waliolisikia somo la kwanza mapema zaidi, kutoka kwa mtu mwenye bunduki.

Wanafunzi mnaokwenda nyumbani likizo, tunawaomba muwaulize wazee wenu maneno gani mengine ya askari wanayakumbuka, na yalitamkwaje. Yaandikeni jinsi mlivyoyasikia, bila kuyasahihisha sarufi, myalete idarani.