Saratani ya Tezi Dume: Usingoje Maumivu Ndipo Upimwe

Msomaji wetu mmoja, mtu wa Pwani anayefanya biashara Timau, kaunti ya Meru, ameuliza: mzee akiamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, je, hiyo ndiyo saratani?

Si lazima. Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, kimeuzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Kadiri mwanamume anavyozeeka, tezi hii hutanuka na kuubana mrija. Mkojo huja kwa shida, hukatika, au humsumbua usiku. Kutanuka huko peke yake si saratani.

Saratani ni chembechembe za tezi zinapokua ovyo bila mpangilio. Hatari yake ni kwamba mwanzoni aghalabu haina dalili yoyote. Maumivu ya mgongo na nyonga huja baadaye, ikishaenea hadi mifupani. Walio hatarini zaidi ni wenye umri wa kupita miaka 50, watu weusi, na yule ambaye baba au nduguye aliugua. Hawa wa mwisho ni vyema wamwone daktari mapema, tangu miaka 40 na kitu.

Uchunguzi huenda kwa hatua. Kwanza ni kipimo cha damu kiitwacho PSA. Kiwango kikizidi 4, daktari huangalia zaidi. Lakini PSA hupanda pia kwa tezi kutanuka, kwa uambukizo wa njia ya mkojo, hata kwa tendo la ndoa la siku chache zilizopita. Kwa hiyo karatasi ya PSA pekee si hukumu.

Pili, daktari huvaa glavu na kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Ni jambo la dakika moja. Tatu, penye shaka, hupigwa picha ya MRI na kuchukuliwa vinyama kwa sindano, vikatazamwe kwa hadubini. Hapo ndipo saratani huthibitishwa, na ukali wake hupewa alama za Gleason, kuanzia 6 hadi 10. Aliye Timau aanzie hospitali ya karibu, aombe barua ya rufaa kwenda Nanyuki au Meru.

Wengi wetu huzuiwa na haya. Haya ni tabia njema, lakini matibabu ni dharura, na mficha maradhi kilio humuumbua. Mwaka 2010 Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa Waziri wa Huduma za Matibabu, aliwatangazia Wakenya kwamba ana saratani hii. Alitibiwa, na mwaka 2017 akachaguliwa gavana wa Kisumu. Ndugu yangu, ikigunduliwa mapema, hutibika. Mwulize babako leo kama amepimwa.