Kimeng'enya Kilichotafutwa Miaka Mingi

Mnamo mwaka 1882, katika mji wa Paris, mwanafunzi wa utabibu aitwaye Philippe Gaucher aliandika tasnifu juu ya mwanamke wa umri wa miaka 32 ambaye wengu wake ulikuwa umevimba kupita kiasi; naye, alipozitazama kwa darubini chembe kubwa zilizojaa humo, alidhani kuwa ameona saratani. Dhana hiyo haikuwa sahihi, lakini wasifu wake wa chembe zile ulikuwa wa kweli, hata maradhi yakapewa jina lake.

Ilipasa kungoja hadi mwaka 1934 ndipo ikadhihirika kwamba kilichojaa humo ni mafuta yaliyofungamana na sukari ya glukosi, mabaki ya chembe za damu zilizokwisha umri wake. Likabaki suali moja zito: je, mwili huyaunda kupita kiasi, au umeshindwa kuyavunja? Roscoe Brady, tabibu na mkemia wa Bethesda, Marekani, alitumia kaboni yenye mnururisho kuyafuatia mafuta hayo, akahakikisha kwamba uundaji hauna kasoro. Na kufikia mwaka 1965 alikuwa amebainisha kuwa upungufu umo katika kimeng'enya cha glukoserebrosidesi, ambacho kazi yake ni kuitenga ile sukari na mafuta.

Kujua illa si kuiondoa. Brady na wenzake wakakichuja kimeng'enya hicho katika kondo la nyuma la wazazi, kitu ambacho kwetu huzikwa kwa heshima na hospitalini aghalabu hutupwa, wakawatia wagonjwa mishipani; lakini sehemu kubwa ilinaswa na chembe za ini zisizokihitaji. Hapa ndipo ninapoistaajabia zaidi subira yao, kwani walirejea maabarani wakajifunza kupunguza sukari zilizo pembezoni mwa kimeng'enya chenyewe, hata ikadhihiri ile ya manosi, ambayo chembe zinazozoa mabaki mwilini huitambua na kuipokea.

Mwaka 1991 serikali ya Marekani iliiidhinisha dawa hiyo, na mwaka 1994 ikaidhinishwa nyingine isiyohitaji kondo, itokanayo na chembe za wanyama zilizotiwa jeni ya binadamu. Wengu hupungua, damu huongezeka, mifupa hupata nafuu. Ila dawa hutiwa mshipani kila baada ya majuma mawili, maisha yote, na thamani yake ni kubwa mno, hata mgonjwa asiye na serikali au bima ya kumlipia hawezi kuipata.