Udugu wa Makarani: Chama cha Waafrika na Miaka Yake ya Dodoma

Mwaka 2029 itatimia miaka mia moja tangu kuundwa kwa African Association, ambayo hapa tutaiita Chama cha Waafrika. Historia yake imezoeleka kusimuliwa kinyumenyume. Msimulizi huanzia Julai 7, 1954, siku TANU ilipozaliwa, halafu hurudi nyuma kumtafuta mzazi, akamkuta mzee mpole aliyechelewa kuwa na ujasiri. Kwa usimulizi huo miaka ishirini na mitano ya chama inakuwa kama muda wa kungoja, na waasisi wake wanapimwa kwa jambo ambalo hawakukusudia kulifanya. Ninavyoona mimi, kwa sehemu kubwa ya maisha yake chama hiki hakikuwa chama cha siasa kilichoshindwa. Kilikuwa udugu wa watu waliosoma, wenye kuajiriwa na kuhamishwahamishwa, na udugu huo ulifanya kazi ambayo chama cha siasa cha wakati ule kisingeweza kuifanya. Ushahidi mzuri wa jambo hili hauko pwani kilikoanzia. Uko Dodoma.

Kabla ya Dar es Salaam kulikuwa na Tanga. Machi 1922 Martin Kayamba, msomi wa shule ya wamisionari ya Kiungani, Unguja, aliongoza kuundwa kwa chama cha Waafrika watumishi wa serikali ya Tanganyika. Watu wake walicheza mpira, walisoma magazeti na kusaidiana, na jambo lililokuwa jipya ni kwamba Mkristo wa Kiungani na Mwislamu wa pwani walikaa kwenye klabu moja. Miaka miwili baadaye, 1924, Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki kuchunguza elimu. Ndani yake alikuwamo Mwafrika mmoja, Dkt. James Aggrey wa Gold Coast, aliyesoma na kisha kufundisha miaka mingi Livingstone College, chuo cha Wamarekani Weusi huko North Carolina. Kleist Sykes, karani wa reli na mtoto wa askari Mzulu aliyeletwa na Wajerumani, alieleza katika kumbukumbu zake kwamba maneno ya Aggrey ndiyo yaliyompa wazo la kuwaunganisha Waafrika. Mwaka 1929 wazo hilo likawa chama. Rais wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu, na Kleist akawa katibu. Jengo lao lilisimama New Street, mtaa ambao leo ni Lumumba.

Huyo Aggrey anastahili kuangaliwa zaidi kidogo, maana anatuonyesha jirani ambaye historia zetu hazimtaji. Katika vyuo vya Marekani, vijana Weusi walikwisha kuunda udugu wao. Alpha Phi Alpha ilianzishwa Desemba 4, 1906, Cornell, na vijana saba waliokuwa wachache mno katika chuo cha Wazungu. Walianza kwa kusoma pamoja na kushikana mikono ili mwenzao asiache masomo kwa upweke au ukata, kwani mwaka uliotangulia baadhi ya wanafunzi Weusi waliondoka wasirudi. Mwaka uliofuata udugu huo ulifika Howard, chuo cha Weusi mjini Washington, na hapohapo Howard, Januari 1914, vijana wengine wakaanzisha Phi Beta Sigma. Afrika Magharibi iliunganika na udugu huu moja kwa moja, kwa kuwa Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah waliosoma Marekani wote walikuwa wanachama wa Phi Beta Sigma. Kwetu hapakuwa na uzi wa namna hiyo. Sisemi kwamba Aggrey aliwaletea watu wa Dar es Salaam mfano wa udugu wa vyuo wauige; hakuna haja ya kudai hivyo. Ninachosema ni kwamba hali zilizofanana zilizaa taasisi zilizofanana, na ukizitazama pamoja unaelewa kwa nini chama chetu kilijali mambo ambayo wanasiasa wa baadaye waliyaona madogo.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925 na kuanzisha utawala kwa kupitia watemi na machifu. Kila Mwafrika alihesabiwa kuwa wa kabila fulani, na kabila lake likawa na msemaji aliyetambuliwa na serikali. Mpango huo ulimwacha nje mtu mmoja tu, naye ndiye aliyeandika barua zake: karani. Myao aliyepelekwa boma la Dodoma hakuwa mtu wa Mtemi Mazengo wa Mvumi, na chifu wake mwenyewe alikuwa mbali, siku kadhaa za safari. Alikuwa na cheti, mshahara na kofia. Hakuwa na mtu wa kumsemea akionewa, wala ndugu wa kumzika akifa. Kijana wa Cornell alikuwa hivyohivyo: ameruhusiwa kuingia darasani, lakini nje ya darasa hana pa kwenda. Watu wa namna hiyo hawaanzi kwa kudai serikali, huanza kwa kutafutana.

Na hapa ndipo Dodoma inapoingia. Mji huu ulikuwa kituo cha Wajerumani kabla ya kuwa mji. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma kama mwaka 1910 na kumalizikia Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaufanya makao ya Jimbo la Kati, na barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Kondoa na Arusha ikakutana na reli papa hapa. Nchi iliyouzunguka ilikuwa ya ukame. Wagogo walikuwa bado wanaikumbuka Mtunya, njaa ya mwaka 1918 hadi 1920 iliyoua makumi ya maelfu. Mji wa namna hii haukuvuta watu kwa rutuba yake. Watu waliletwa na barua za uhamisho: makarani wa boma, wa posta na wa reli, walimu, matabibu wasaidizi, wakalimani, na nyuma yao wafanyabiashara wadogo. Walitoka pwani, Unyamwezi, Nyasa na Ziwa, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Hakuna aliyeweza kuuita mji huu wa kwake, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumzuia mwingine kuusemea. Dar es Salaam haikuwa hivyo. Kule kulikuwa na wenye mji, na mivutano ya nani mwenyeji na nani mgeni, ambayo mara kwa mara iliingia hadi ndani ya chama.

Tawi la Dodoma lilikuwa miongoni mwa matawi ya mapema ya bara, na viongozi wake, Hassan Suleiman na Ali Ponda, walijulikana nje ya mkoa wao. Ukiangalia jinsi matawi yalivyosambaa utaona jambo la kuchekesha kidogo: kazi ya kusambaza chama ilifanywa na serikali yenyewe, kwa gharama zake. Kila karani aliyehamishwa alipewa tiketi ya treni, na pamoja na sanduku lake alibeba habari za chama, majina ya wenzake na utaratibu wa mikutano. Alpha Phi Alpha nayo ilikua hivyo ilipoanza kuunda matawi ya waliokwisha kuhitimu, ili daktari au mwalimu akihamia mji mpya awakute ndugu wanaomngoja. Tofauti ni kwamba kule mtu alihama kwa hiari yake. Huku alihamishwa na Bwana Mkubwa, ambaye huenda alidhani anamtenga na marafiki zake.

Mwaka 1945 wajumbe wa matawi walikuja kukutana Dodoma kwa mkutano mkuu. Kwa msomaji wa leo jambo hilo ni la kawaida, kwani Dodoma ni mji wa mikutano. Kwa wakati ule lilikuwa na maana. Chama kilichozaliwa pwani kilikubali kwamba kitovu chake kinaweza kuwa kwenye njia panda ya bara, pahali pasipo na bandari, na kwamba mtu wa pwani na mtu wa Ziwa wanaweza kukutana katikati bila mmoja kuwa mwenyeji wa mwingine. Desemba ya mwaka huohuo serikali ya Uingereza ikatoa Waraka 191, uliopendekeza chombo cha pamoja cha kuunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika katika shughuli nyingi. Suala la kuunganishwa na Kenya ya masetla lilikuwa la hofu tangu zamani. Kayamba alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi juu yake. Safari ile alikwenda na wenzake wawili, kwa mwaliko wa serikali. Mwaka 1945 palikuwa na matawi kutoka Unguja hadi Ziwa yaliyoweza kuujadili waraka ule yenyewe, kwa lugha moja. Mtandao huo haukujengwa kwa hotuba, bali kwa michango ya mazishi, mechi za mpira na barua za kumjulisha mgeni kwa wenyeji.

Wakati huohuo, mbali kabisa na Dodoma, udugu wa chuo hasa ulikuwa umeundwa na Watanganyika. Julius Nyerere aliingia Makerere mwaka 1943. Yeye na wenzake, Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, walianzisha Tanganyika African Welfare Association, chama cha wanafunzi chenye shabaha ya ustawi wa watu wa kwao. Hiki ndicho kitu chetu kilichokaribia zaidi udugu wa vyuo vya Marekani: vijana wachache, wote wa chuo kimoja, walio mbali na nyumbani. Kilichofuata ndicho kinachonivutia. Badala ya kukilinda chama chao kidogo na kukifanya cha wateule wa Makerere, waliona kuna chama kikubwa tayari, wakajiunga nacho na kuwa tawi lake. Udugu wa Marekani ulikua kwa kuweka mpaka wa nani anaingia, kwa viapo, siri na uanachama wa maisha yote. Huku vijana wa diploma waliingia katika chumba kimoja na karani wa darasa la nane na mfanyabiashara asiye na cheti. Nyerere alipomaliza masomo alikwenda kufundisha St. Mary's, Tabora, mji mwingine wa uwanda wa kati kwenye reli ileile, na huko akakuta tawi la kufanya nalo kazi. Hakuhitaji kuanza upya.

Kuna mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni la zamani kama chama chenyewe: kwamba kilikuwa klabu ya wenye mishahara. Erica Fiah, Mganda mwenye duka Dar es Salaam, aliunda chama chake mwaka 1934 na gazeti lake, Kwetu, mwaka 1937, na mara nyingi aliwarushia maneno makarani hao waliojitenga na watu wa kawaida. Fiah alikuwa na haki. Hata Dodoma, mfugaji wa Kigogo wa Mvumi hakuwa na sababu kubwa ya kuja kwenye mikutano ya watu wa mjini waliozungumza mambo ya mishahara na vyeo. Lakini tusisahau kwamba mpango wa Cameron ulikuwa umempa mfugaji yule msemaji, japo wa kuchaguliwa na boma, na karani hakuwa na hata huyo. Kuanza na wale ambao utaratibu umewasahau si kosa, mradi mlango usifungwe nyuma yao. Na matawi yalipozidi kuingiza wafanyabiashara na wakulima baada ya vita, ulikuwa bado wazi. Mahali ambapo lawama inabaki bila jibu ni kwa wanawake. Mwaka 1944 Nyerere, angali mwanafunzi, aliandika insha ndefu juu ya uhuru wa wanawake, lakini udugu uliojengwa juu ya ajira ya serikali haungeweza kuwapokea, kwa kuwa ajira yenyewe haikuwapokea. Insha haikubadilisha orodha ya wanachama.

Pingamizi la pili ni kwamba chama kilikuwa hakina madhara, ndiyo maana wakoloni waliwaachia watumishi wao wajiunge. Jibu lake liko kwa wakoloni wenyewe. Baada ya mwaka 1948, matawi ya bara yalipojitenga na Unguja na chama kikaitwa Tanganyika African Association, sauti yake ilikaza mwaka hadi mwaka. Aprili 1953 Nyerere alichaguliwa kuwa rais, akimshinda Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist. Miezi michache baadaye, Agosti, serikali ya Gavana Twining ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kuwa wanachama. Chama kisicho na madhara hakikatazwi. Waraka ule ulikusudiwa kukata mshipa, na ulikata kweli: barua za uhamisho zilizokuwa zikikitembeza chama nchi nzima kwa miaka ishirini zikaacha kufanya kazi hiyo. Waliokutana Julai 1954 New Street kuunda TANU walikuwa kumi na saba, na Machi 1955 Nyerere mwenyewe alilazimika kuacha ualimu wa Pugu ili aendelee.

Tangu hapo chama kilihitaji watu wa aina nyingine: madereva, wafanyabiashara wa sokoni, wakulima wa ushirika. Hawa hawakuhamishwa na mtu, na serikali haikuwa na mshahara wa kuwanyima. Mwaka 1955 kazi ya kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam ilikabidhiwa Bibi Titi Mohamed, naye hakwenda maofisini kuwatafuta. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, ambako watu walikwisha kujuana, kuchangiana na kuzikana bila kuombana cheti.