Uzito wa Bunduki: Ruvuma, 1917

Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918) aghalabu husimuliwa kwa majina ya majenerali. Katika makala hii fupi napenda tuitazame kwa njia nyingine, yaani kwa uzito wa silaha zilizopita kusini kwetu, na kwa watu waliozibeba.

Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 ya milimita 105, wakaitia magurudumu. Mizinga hiyo iliundwa kukaa juu ya meli. Nchi kavu ilibidi watu wengi waivute kwa kamba, milimani na matopeni. Ilipofika mwisho wa 1917, hakuna hata mmoja uliovuka Ruvuma.

Bunduki nazo zilikuwa na shida zake. Askari wengi wa Kijerumani walianza vita na Mauser ya 1871, yenye uzito wa karibu kilo 4 na nusu. Ilitiwa risasi moja moja, na kichwa cha risasi yake, chenye upana wa milimita 11, kilikuwa na gramu 25. Mauser ya 1898 ilichukua risasi 5 kwa mara moja, na kichwa cha risasi kilikuwa gramu 10 tu. Tena baruti ya zamani ilitoa moshi mzito, uliomfichulia adui mahali alipo mpigaji.

Pwani yetu ilikwisha kumponyoka Mjerumani mwaka 1916. Aprili Wareno waliitwaa Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma, na Septemba Waingereza wakaziteka Mikindani na Lindi. Katika mapigano ya Mahiwa, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, von Lettow-Vorbeck aliwazuia Waingereza, lakini risasi zake za kisasa zilikaribia kwisha. Mwezi uliofuata, huko Nambindinga katika uwanda wa Makonde, alipunguza jeshi lenyewe. Wagonjwa, majeruhi na mamia ya askari waliachwa nyuma, akabaki na bunduki kama 2,000.

Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka Ruvuma, akaishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano, mahali mto Lugenda unapoingia Ruvuma. Meja João Teixeira Pinto aliuawa. Wajerumani walipata bunduki za Kireno za milimita 6.5, bombomu 6, na risasi kama 250,000. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, walipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, walikabidhi bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno.

Msomaji atauliza: je, mzigo ulipungua? Kwa askari, naam. Kwa mpagazi, la. Risasi ilipokuwa nyepesi, sanduku lilitiwa risasi nyingi zaidi, na mzigo wa kichwani ukabaki kilo 25 hadi 30. Kwa upande wa Waingereza peke yake, inakadiriwa kwamba wapagazi zaidi ya 95,000 walikufa. Wengi wao hawakuuawa na risasi bali na maradhi na njaa. Aidha, chakula cha majeshi kilichukuliwa katika vijiji, na wenyeji wakabaki mikono mitupu.

Dar es Salaam ina Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927, naye ameshika bunduki. Mpagazi amebakiwa na jina la Kariakoo tu, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliopiga kambi pale. Maelfu wanaonunua na kuuza sokoni humo kila siku hulitamka bila ya kujua maana yake.

Ndugu wanafunzi, leo Daraja la Umoja, lililofunguliwa 2010, linavuka Ruvuma karibu na Ngomano ile ile, na lori moja hupitisha kwa dakika chache mzigo wa mamia ya wapagazi. Likizo mtakapokuwa Newala, Masasi au Nanyumbu, waulizeni wazee waliyosimuliwa na babu zao kuhusu vita hivyo, mkayaandike. Majina ya majenerali tunayo tayari. Ya wapagazi bado yanatudai.