Plymouth: Mji Mkuu Usio na Wakazi

Kwa desturi mji mkuu ndio mahali penye watu wengi kuliko pote katika nchi: huko ndiko kwenye soko kubwa, mahakama na ofisi za serikali. Lakini katika Bahari ya Karibi kiko kisiwa ambacho mji wake mkuu, kwa mujibu wa sheria, hauna hata mkazi mmoja. Kisiwa hicho ni Montserrat, na mji huo ni Plymouth. Yafaa tuchunguze mambo yaliyoujenga mji huo mahali ulipo, na sababu zilizowafanya watu wauache; kwani tutaona kwamba asili ya mambo hayo mawili ni moja.

Montserrat ni kisiwa kidogo, urefu wake kama kilomita 16 na upana wake kama 11, nacho ki chini ya utawala wa Uingereza mpaka leo. Tangu zamani kiligawanywa katika parokia tatu: Saint Peter upande wa kaskazini, Saint Georges mashariki, na Saint Anthony kusini-magharibi, ambamo Plymouth umo. Katika bahari ile pepo huvuma zaidi kutoka mashariki. Kwa hiyo meli hupata utulivu upande wa magharibi. Nyuma ya mji, kwa umbali wa kilomita chache tu, imesimama milima ya Soufrière Hills, ambayo ni volkano, na udongo uliotokana na majivu yake ya kale una rutuba nyingi. Kaskazini ni kukavu zaidi. Basi bandari na rutuba viliwavuta watu kusini, wala hawakuuogopa mlima, kwa kuwa hapakuwa na habari yoyote iliyoandikwa ya kulipuka kwake.

Walowezi kutoka Ulaya, wengi wao Waayalandi, walifika mwaka 1632. Baadaye kilimo cha miwa kilishika nguvu, na Waafrika wakaletwa kwa merikebu na kutumikishwa katika mashamba, hata wakawa wengi kuliko mabwana wao. Sukari waliyoitoa kwa jasho lao ilisafirishwa ng'ambo, na faida yake ndiyo iliyoujenga mji. Mwaka 1768 watumwa walifanya shauri la kuasi siku ya Mtakatifu Patrick, tarehe 17 Machi, wakitumaini kwamba mabwana wangekuwa wameshughulika na sherehe. Siri ikafichuka, na watumwa tisa wakanyongwa. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1834. Na siku hizi tarehe 17 Machi ni sikukuu ya kisiwa kizima, ambayo watu huwakumbuka mashujaa hao.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Katika miaka ya 1980 wataalamu wawili, Geoffrey Wadge na Michael Isaacs, waliupima mlima wakaonya kwamba ukilipuka Plymouth utakuwa hatarini. Onyo hilo halikutiliwa maanani. Mwezi wa Septemba 1989 tufani iliyoitwa Hugo ilikipiga kisiwa na kuziharibu nyumba karibu zote. Hapo palikuwa na nafasi ya kutafakari upya mahali pa kujenga. Lakini majengo ya serikali yalisimamishwa pale pale, chini ya mlima ule ule.

Tarehe 18 Julai 1995 mlima uliamka. Mwezi uliofuata wingu la majivu liliufunika mji hata mchana ukawa kama usiku, na watu wakahamishwa. Walirudi, wakahamishwa tena, mpaka mwezi wa Aprili 1996 walipoondoka wasirudi kamwe. Wengi walilala katika makanisa na shule za kaskazini, wakisongamana kwa miezi mingi.

Siku ya huzuni kuu ilikuwa tarehe 25 Juni 1997. Mawingu ya majivu, mawe na hewa ya moto yaliporomoka mlimani kwa kasi kuliko gari, yakawaua watu 19. Mahali pale palikuwa pamekatazwa, na baadhi ya waliokufa walikuwa wakulima. Je, tuseme kwamba walikufa kwa ukaidi wao? Tusiharakishe kuhukumu. Mazao yao yalikuwa kusini, na kaskazini hapakuwa na mashamba ya kuwatosha. Uchunguzi uliofanywa baadaye juu ya vifo hivyo uliilaumu serikali pia, kwa kutowapatia wakulima ardhi upande wa salama. Mtu mwenye njaa akikatazwa shamba lake bila kupewa jingine, amri hiyo ni nusu ya msaada tu.

Mwezi wa Agosti 1997 moto wa mlima uliufikia mji wenyewe, ukaziteketeza nyumba zake. Kisha mvua zikateremsha matope na majivu, na majengo yakafukiwa, mengine yakabaki mapaa tu. Kabla ya maafa hayo kisiwa kilikuwa na watu kama 11,000. Zaidi ya nusu yao walihamia Uingereza na visiwa vya jirani. Leo wakazi hawafiki 5,000, nao wanaishi kaskazini. Ofisi za serikali ziko Brades, na huko Little Bay kunajengwa bandari na mji mpya.

Hata hivyo sheria haijabadilishwa, na Plymouth ungali mji mkuu kwa jina. Mchana, kwa ruhusa ya wakuu, malori huingia kuchota mchanga uliotokana na yale majivu, nao husafirishwa kwa meli na kuuzwa visiwa vingine kwa ajili ya ujenzi. Hivyo mlima ulioipa Saint Anthony rutuba, kisha ukaiangamiza, sasa unatoa mchanga wa kujengea nyumba za watu wengine. Jioni malori huondoka. Vizazi vya wale waliolima miwa, na vya wale walionyongwa mwaka 1768, wanajenga upya upande wa kaskazini. Na popote wanapokaa wao, ndipo palipo Montserrat.